SOMO: Klorpirifosi shambani, tangu kufungua chupa hadi kukoga

Wenzangu wa tungule na bilingani, tuanze na tabia ya klorpirifosi, hii dawa ya kuulia wadudu. Klorpirifosi halisi ni chembe nyeupe zinazoyeyuka kwenye joto la nyuzi 42 hivi, na harufu yake ni ya mayai viza. Haichanganyiki na maji, ndiyo maana kiwandani huyeyushwa kwenye kimiminika cha jamii ya petroli, nawe ukiitia kwenye ndoo maji hugeuka meupe mithili ya tui.

Mwilini hukizuia kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ishara ya neva ikishafika kwenye msuli. Ishara isipozimwa, msuli haupumziki na mate hayakatiki. Mdudu hufa hivyo, na neva zetu zinatumia kimeng'enya hichohicho. Tena sumu hii huanza kuwa kali baada ya ini kuigeuza. Mtu hupulizia asubuhi, akarudi mzima, akala. Jioni tumbo likimsokota nyumba nzima inamlaumu pweza.

1. Tazama ukanda wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ndiyo kali zaidi, kisha njano, buluu, kijani. Hii ni ya njano, "hatari ya wastani". Huo wastani usikulaze.

2. Upepo. Kusi likivuma, anzia mwisho wa kaskazini wa shamba, urudi kinyumenyume kuelekea kusini. Kaskazi, geuza.

3. Bomba la mgongoni. Hapa ndipo watu wanapoumia. Kizibo kikilegea, dawa huteremka taratibu hadi kiunoni, shati likaganda mgongoni, na kwa jua lile unadhani ni jasho. Sumu hii hupita kwenye ngozi. Lijaribu bomba kwa maji matupu kwanza. Likivuja, siku hiyo hakuna kupulizia.

4. Koga kwa sabuni ya mche na maji mengi, mara tu umalizapo. Nguo zifuliwe peke yake.

5. Chupa tupu isuuze mara 3, masuuzo uyarudishe kwenye bomba, kisha itoboe. Usiitupe pangoni: mawe yetu ya matumbawe hayachuji kitu, kinachoingia juu hutokea kisimani.

Dalili: mboni kusinyaa, machozi, mate, jasho, kutapika, kuharisha, kifua kujaa kohozi, misuli kuchezacheza. Hapo ni hospitali, na lebo mkononi. Dawa yake ni atropini.

MASWALI

— Asalamu alaykum bwana shamba. Aliyeinywa tumpe maziwa atapike?
Waalaykumu salamu. Hapana, mwanangu. Msimtapishe, ule ute wa petroli ukiingia mapafuni ni balaa la pili. Mkimbizeni.

— Ami, nikizikosha tungule za sokoni inatoka?
Inapungua tu, bibi. Dawa ya kweli ni mkulima kungoja siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuchuma.

— Si imepigwa marufuku?
Ulaya iliikataa 2020. Mwaka 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm, ule wa kuzuia kemikali zenye sumu zinazodumu, zikakubaliana iondolewe, ila kwa matumizi machache yaliyoachiwa.

— Basi tuhamie malathioni, ile dawa nyingine ya wadudu, si laini?
Ni laini ikiwa imehifadhiwa vizuri. Pakistani, 1976, wapuliziaji wa malaria wapatao 2,800 walidhurika na 5 wakafa, kwa sababu malathioni yao ilikuwa imeharibika ghalani na kuzaa isomalathioni, iliyo kali kuliko yenyewe. Joto huichochea. Aliyeiweka chini ya bati tangu kaskazi iliyopita asiitumie.