Godauni la mawe kando ya reli ya modeli: kulijenga na kulichakaza

Watu wengi wakijenga jengo la mawe la reli ya modeli haraka yao yote iko kwenye rangi. Mawe wanachora chapchap, halafu wanamwaga maji meusi ukuta mzima wakidhani ndio uzee. Ukuta huzeeka kwa sababu bwana, maji yamepita hapa, vumbi limeruka pale, moshi umegonga juu ya mlango, na kama sababu huijui weka brashi chini kwanza.

Hapa najenga godauni la pamba, la kubuni, upande wa Busoga, mashariki mwa Uganda, maana ile reli ya Jinja mpaka Namasagali ya 1912 ilikuwa ya kubeba pamba kwa hiyo godauni kando yake halina haja ya kujieleza. Skeli hapa ni 1:87, yaani kila kipimo halisi unakigawa kwa 87. Reli yetu upana wake ni mita moja, ukigawa unapata milimita 11.5, ndio maana wanaotaka usahihi wanatumia njia ya milimita 12. Kama unayo ile ya kawaida ya 16.5 usihangaike, jengo la 1:87 ni lilelile.

Vipimo: mita 20 kwa 9 inakuwa milimita 230 kwa 103, ukuta wa mita 4 unakuwa 46, mlango wa kupitisha magunia weka kimo cha 30 hivi, na jukwaa la kupakilia liwe karibu 12 ili sakafu yake ikutane na sakafu ya behewa. Hilo la jukwaa lipime na behewa lako mwenyewe kabla ya kukata chochote, usiniamini mimi.

Ukuta tumia fomubodi, ile fomu iliyobanwa kati ya karatasi mbili, ya milimita 5, zidisha 87 unapata sentimita 43 na kitu, unene wa ukuta wa mawe kabisa, ukifungua mlango unaonekana una uzito. Kampala zunguka Nasser Road kwa wale wa mabango, uliza vipande vilivyobaki. Ile fomu nyeupe ya kwenye maboksi ya TV achana nayo, ina punje, ukiichora inamomonyoka. Lowesha karatasi ya upande mmoja, subiri, ibandue taratibu, ya upande wa ndani iache maana ndiyo inazuia ukuta usipinde.

Sasa mawe, na hapa usiwe na haraka. Piga mistari ya kulala kwanza kwa penseli, kila milimita 3 hadi 3.5, hiyo ni kama sentimita 26 hadi 30 kwenye ukuta halisi. Halafu chukua kalamu ya biki iliyoisha wino ukandamize viungo vya kusimama, na kumbuka anachojua kila fundi mwashi, kiungo hakikai juu ya kiungo, jiwe la juu lazima lifunike ufa wa chini. Changanya mafupi na marefu. Kwenye kona kata fomu kwa nyuzi 45 ili kuta zikutane bila ukingo kuonekana, kisha mawe ya kona yawe makubwa kuliko mengine, refu upande huu fupi upande ule, safari inayofuata geuza. Juu ya mlango na madirisha weka jiwe moja refu linalozidi tundu pande zote mbili, ukilisahau hata mtu asiyejua ujenzi atahisi ukuta unataka kuanguka. Mwisho viringisha foili iwe donge ugongegonge juu ya mawe, machache yabonyeze kwa kidole yaingie ndani kidogo.

Gundi ni ile nyeupe ya mbao tu. Gundi ya viatu na rangi ya kupuliza zina kemikali zinazokula fomu, utaangalia ukuta unayeyuka mbele yako.

Rangi ya chini pakaa emalshani ya kijivu kilichopauka, hiyo ndiyo simiti ya viungo. Ikikauka pitisha brashi karibu kavu yenye kijivu cha kukoza, iguse sura za mawe tu, kisha chagua mawe hapa na pale uyape rangi yake, moja la kahawia, moja lenye uwaridi kidogo, moja jeusi, lakini usiyapange maana jicho linakamata mpangilio upesi sana.

Mabati ndiyo raha yangu. Tafuta bolti ndefu ya M5 yenye uzi mwili mzima, nenda kwa fundi wa boda au soko la vipuri la Kisekka, uzi wake una hatua ya milimita 0.8 na mawimbi ya bati halisi kwa skeli hii ni karibu hapohapo. Laza foili nene juu ya mpira wa tyubu, viringisha bolti ukikandamiza. Mistari itaegemea kidogo, kwa hiyo kata kufuata mistari yenyewe, vipande vya upana wa 9 kwa urefu wa 30. Vipulize praima ya gari vikiwa bado mbali na jengo, vikikauka vibandike kuanzia chini kwenda juu, kila kimoja kikilalia mwenzake.

Kuchakaza sasa. Vitabu vya Ulaya vinakwambia kuvu ya kijani weka upande wa kaskazini, sisi tuko kwenye ikweta, Juni jua liko kaskazini Desemba liko kusini, kwa hiyo kijani kinafuata maji tu: chini ya mfereji unaovuja, nyuma ya bomba. Kutu inaanzia kwenye misumari, kwenye maungio na ncha zilizokatwa halafu inateremka, ya zamani kahawia ya giza, mpya ni chungwa, weka kidogo tu. Chini ya ukuta ndipo Uganda inapojionyesha, matone ya paa yakigonga marramu yanarusha matope mekundu karibu nusu mita, hiyo ni milimita 6, na mstari usiwe sawa. Chukua marramu yenyewe, kausha, saga, chuja kwa soksi ya nailoni, hakuna rangi ya dukani itakayoishinda. Moshi mweusi uwe juu ya mlango wa upande wa reli, kama unaonyesha enzi za Garratt, zile injini kubwa za mvuke, za mafuta mazito ongeza.

Vanishi isiyong'aa itameza nusu ya vumbi lako, kwa hiyo zidisha kabla. Kisha chimba kidogo kwenye mandhari, kuta ziingie milimita 2 ardhini, ziba ufa kwa marramu ileile, ila usigandishe jengo kwa gundi maana siku ya kusafisha reli utataka kulinyanyua.