Kabla Hujashika Spana Kwenye Mlango wa Gereji

Mlango wa gereji wa magari mawili, ule wa paneli za bati unaopanda kwenye reli na kulala chini ya dari, unaweza kufika kilo 70 na zaidi. Wa mbao huzidi hapo. Hata hivyo mtu mzima huuinua kwa mkono mmoja bila kuhema. Anayeubeba si yeye, wala si mota iliyo darini. Ni springi. Ukilielewa hilo kwanza, utajua mwenyewe wapi pa kuweka mkono na wapi pa kukaa mbali.

Kwa hiyo anza kwa kutazama. Simama ndani, mlango ukiwa umefungwa, uangalie juu. Ukiona springi nene imevishwa kwenye shafti ya chuma juu ya mlango, hiyo ni ya kusokotwa, na mlango unapokuwa chini ndipo inapokuwa imekazwa zaidi. Ukiona springi ndefu zimelala sambamba na reli za juu, kila upande na yake, hizo ni za kuvutwa. Springi za kuvutwa lazima ziwe na waya wa usalama uliopita katikati yake na kufungwa pande zote mbili, ili springi ikikatika isiruke na kumchapa mtu. Kama waya huo haupo, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya kuhangaika na kelele au rangi iliyobambuka.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji kifaa chochote. Funga mlango, vuta kamba (mara nyingi huwa nyekundu) inayoutenganisha na mota, kisha uinue kwa mkono hadi katikati na uachie polepole, mikono ikiwa bado karibu. Mlango ulio sawa hubaki pale pale. Ukishuka, springi zimechoka. Ukipanda wenyewe, zimekazwa kupita kiasi. Watu wengi hununua mota mpya kwa sababu ya zamani inanguruma na kukwama, kumbe mota haikuwa na kosa. Ilikuwa ikibebeshwa uzito usio wake, na hiyo mpya nayo itachoka mapema kwa sababu ileile. Nakusihi, fanya kipimo hiki kabla ya kutoa senti moja. Na usivute kamba ile mlango ukiwa juu. Kama springi au waya wa chuma unaoinua mlango umekatika bila wewe kujua, huenda mota ndiyo pekee inayoushikilia, na mlango wote utashuka kwa kishindo.

Springi ya kusokotwa ikikatika, mara nyingi watu wa nyumbani husikia mlio mkubwa na kudhani kitu kimeanguka. Ukiangalia utaona pengo la sentimita chache kati ya mizunguko yake. Hapo acha kila kitu, usibonyeze rimoti tena, ita fundi.

Umri wa springi huhesabiwa kwa mizunguko, kufungua na kufunga mara moja ikiwa mzunguko mmoja. Nyingi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000. Nyumba inayofungua gereji mara 4 kwa siku hufikisha mizunguko 1,460 kwa mwaka, yaani miaka 7 hivi. Kama gereji ndiyo mlango wenu mkuu wa kuingilia, muulize fundi springi za mizunguko mingi zaidi kabla hajafunga za kawaida. Na kama ziko mbili na moja imekatika, badilisha zote mbili. Zimefanya kazi sawa, nyingine haiko mbali.

Sehemu nne usiziguse kama si fundi wa milango hii: springi, waya za chuma, magurudumu yanayokusanya waya hizo, na vishikizo vya kona za chini ambako waya zimefungwa. Kishikizo cha chini huonekana kipande cha bati tu chenye skrubu chache, ila nyuma yake kuna nguvu yote ya springi. Watu wamevunjika vidole na mikono kwa kulegeza skrubu hizo, au kwa kukaza springi kwa bisibisi badala ya fimbo zake maalumu.

Yako ni mengine, na si machache. Kaza bolti za bawaba na za reli, kwa maana mtikisiko huzilegeza. Pangusa reli kwa kitambaa, lakini usizipake mafuta, maana hunasa vumbi. Grisi ya kupuliza weka kwenye bawaba, beringi za magurudumu madogo yanayotembea ndani ya reli, na springi (hizi puliza tu, usizishike). Mafuta ya kulegeza kutu hayafai, yanakauka upesi. Angalia pia mpira ulio kwenye ukingo wa chini wa mlango, kama bado ni mzima.

Kila mwezi jaribu usalama wa mota. Laza kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 4 hivi sakafuni, ufunge mlango: ukikigusa lazima urudi juu. Kisha pitisha ufagio mbele ya macho ya usalama, yaani vihisi vya mwanga vilivyo pande mbili za mlango, mlango ukishuka: hapo pia lazima urudi juu. Macho hayo hukaa chini, yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa sababu yamewekwa kwa ajili ya mtoto anayetambaa. Marekani iliyalazimisha, au kinga inayolingana nayo, kwa mota za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia 1993, baada ya watoto kufa chini ya milango. Mota yako ikishindwa jaribio lolote kati ya hayo, iondoe kazini mpaka itengenezwe.

Ukiamua kubadilisha mlango mzima, pima upana na urefu wa uwazi, kisha nafasi iliyo juu yake hadi dari, nafasi ya pembeni, na kina cha gereji. Nafasi ya juu ndiyo huwakwamisha wengi, kwa kuwa springi na reli zinaihitaji. Paneli moja iliyobonyea huweza kubadilishwa peke yake kama aina hiyo bado inatengenezwa. Ukiongeza kizuia joto au mbao kwenye mlango wa zamani, uzito umebadilika, na springi lazima zirekebishwe. Penye upepo mkali, chagua mlango uliopimwa kwa upepo: kimbunga Andrew cha 1992 kule Florida kilionyesha jinsi mlango wa gereji ukivunjika, upepo huingia ndani na kusukuma paa kwa chini.

Siku ya fundi, toa gari nje mapema ikiwa mlango bado unafunguka, chomoa mota kwenye umeme, na watoto wakae mbali. Gereji isiyo na mlango mwingine inahitaji kufuli ya nje ya kutenganisha mota, la sivyo umeme ukikatika hutaingia. Na kama kuna rimoti iliyowahi kupotea, futa kumbukumbu yote ya mota, kisha uingize upya zile tu ulizo nazo mkononi.