Namna ya kuisoma ilani ya chama kuhusu makazi ya Dar es Salaam

Ukishaifungua sura ya makazi katika ilani ya chama, tafuta kwanza mtekelezaji: Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, Wakala wa Majengo, au halmashauri ya manispaa yako, kwa kuwa ahadi isiyotaja mtekelezaji wala chanzo cha fedha ni maneno matupu. Mgombea akifika mtaani, mwulize iwapo mpangaji wa chumba kimoja Manzese, anayetakiwa kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ataimudu hiyo nyumba inayoitwa ya bei nafuu, na kwa masharti gani ya umiliki. Kuhusu uchumi, linganisha mahali pa ajira na mahali pa makazi mapya. Mchuuzi wa Kariakoo akihamishiwa Chanika, pembezoni mwa jiji, faida yake (nayo ni ndogo) itaishia kwenye nauli ya daladala.