Somo: kutengeneza mofu ya shaba inayobadilika rangi ikikutana na unyevu

Wakuu, salaam. Tangu Nobel ya kemia ya 2025 iende kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, maswali kuhusu mofu (MOF, kifupi cha Kiingereza cha metal-organic framework) hayaishi. (Si mofu za isimu!) Hizi ni viunzi vya atomi za metali vilivyofungwa kwa molekuli za kikaboni, ndani vimejaa vitundu. Leo tunatengeneza HKUST-1, mofu ya shaba iliyotangazwa Hong Kong mwaka 1999. Gramu moja ina eneo la ndani linalozidi meta za mraba 1,000.

Hatua ya 1. Yeyusha gramu 0.6 za asetati ya shaba katika mililita 20 za maji, na gramu 0.42 za asidi trimesiki (ndiyo molekuli ya kikaboni inayofunga shaba) katika mililita 20 za ethanoli. Changanya, koroga saa kadhaa. Utaona unga wa buluu. Vaa glavu na miwani, na mabaki ya shaba usiyamwage kwenye sinki.

Hatua ya 2. Chuja, osha kwa ethanoli mara tatu, kisha acha ikauke kabisa mbali na moto. Ethanoli ikiingia oveni ikiwa bado mbichi, utaleta balaa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hukosea. Kila atomi ya shaba ina kiti kimoja, yaani nafasi ya kushikia molekuli, na maji ya hewani hukikalia mapema. Gesi unayotaka kuitambua ikifika, inakuta kiti kimejaa. Pasha unga kwa oveni nyuzi 120 hadi 150 za Selsiasi mpaka buluu mpauko igeuke zambarau iliyokolea. Rangi isipogeuka, usisonge mbele, kausha tena.

Hatua ya 4. Koroga unga kidogo kwenye ethanoli, dondosha juu ya karatasi ya kuchujia, acha ikauke, kisha ipashe nyuzi 100 na kidogo. Itoe, ipulizie pumzi: buluu inarudi. Hicho tayari ni kitambuzi cha mvuke wa maji. Piga picha kwa mwanga uleule kila mara.

Hatua ya 5. Ukitaka namba badala ya rangi, paka unga kwenye fuwele ya kwatzi inayotetemeshwa kwa umeme. Gesi ikinasa, uzito unaongezeka na masafa ya mtetemo (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanashuka. Anza na nitrojeni kavu hadi mstari wa masafa utulie, ndipo upitishe gesi.

MASWALI

Yangu iligeuka buluu kabla sijaweka gesi yoyote. Unga mbovu?
Hapana, ni hewa ya chumba. Itoe oveni moja kwa moja hadi kwenye chupa iliyofungwa yenye silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu).

Amonia je?
Inashika shaba vizuri mno, na pamoja na unyevu hubomoa kiunzi. Karatasi hiyo itumie mara moja tu, na weka nyingine iliyopata maji peke yake uilinganishe. Kuna mofu za shaba zinazopitisha umeme, zilizoonyeshwa mwaka 2015, ambazo hujibu amonia kwa kubadili mkondo. Kwa kazi hiyo zinafaa zaidi.

Kuna mofu isiyosumbuliwa na maji?
ZIF-8, ya zinki. Vitundu vyake huyakataa maji. Lakini haibadiliki rangi, kwa hiyo lazima uende hatua ya 5.

Naweza kuiweka jikoni inionye gesi ikivuja?
Hapana kabisa. Gesi ya kupikia, kama metani, haina mshiko wa maana kwenye shaba hii, rangi haitakuambia kitu. Nunua kengele iliyopimwa.