Kabla hujaanza kupambana na maneno ya Kiingereza yenye maana nyingi

Maneno marefu ya Kiingereza huwa hayasumbui sana. Photosynthesis ina maana moja, ukishaijua, basi. Yanayotesa ni yale mafupi ya kila siku, kama get, run, set na charge, kwa sababu mwanafunzi hudhani anayajua tayari.

Kwanza pata kamusi inayofaa. Tafuta ile iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, yenye sentensi za mifano. Hiyo kwa kawaida hutanguliza maana inayotumika zaidi. Kamusi kubwa za kihistoria, kama ile ya Oxford ya mwaka 1989 yenye juzuu 20, huanza na maana kongwe, ambayo pengine hakuna anayeisema tena.

Kabla ya kuifungua, tazama neno limekaaje katika sentensi: ni nomino au kitenzi? Book ni kitabu, lakini book a room ni kuweka nafasi ya chumba. Record hubadilika hata matamshi: nomino hukazwa mwanzoni, kitenzi mwishoni.

Halafu angalia majirani wa neno. Hapa ndipo penye kazi, ingawa Mswahili ameizoea tangu utotoni: piga haimpi tabu ikifuatwa na pasi, simu, kura au mswaki. Charge ni hivyo hivyo. Charge a phone, unachaji simu. Charge for, unatoza malipo. Charge with, unamfungulia mtu mashtaka. Aliye in charge of the children ndiye msimamizi wa watoto. Ongeza the, iwe in the charge of, na mambo yanageuka: aliye in the charge of a nurse ndiye anayesimamiwa, na nurse (muuguzi) ndiye msimamizi. Wengi hukwama hapo, hata waliosoma.

Daftarini usiandike neno pweke na msururu wa maana. Andika kifungu kizima, kila maana na sentensi yake. Mbili au tatu kwa neno zinatosha kuanzia. Charge for na charge with zisisomwe siku moja, kwani zitachanganyikana kichwani.

Amua pia unajifunza Kiingereza cha wapi. Bungeni Uingereza, to table a motion ni kuwasilisha hoja ijadiliwe. Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe. Magazeti ya Kiingereza ya Kenya na Tanzania hufuata maana ya Uingereza.