Pima Unyevu wa Hei Kabla ya Kukaza Kamba

Msimu uliopita, katika banda la mfugaji mmoja wilayani Nachingwea, nilikata kamba ya robota la hei, yaani furushi la nyasi zilizokaushwa kwa ajili ya mifugo, lililofungwa wiki tatu nyuma. Kwa nje lilikuwa na rangi nzuri, lakini nilipoingiza mkono nilikuta joto, nyasi za kati zimekuwa za kahawia kama tumbaku, na vumbi jeupe la ukungu likatutoa nje tukikohoa. Alizifunga siku moja tu baada ya kuzikata, akiamini kwamba zitamalizia kukauka bandani. Kosa hili hili nalikuta Lindi na Mtwara kila mvua zinapokatika, na linawagharimu wafugaji chakula cha kiangazi kizima.

Robota halikauki likishafungwa. Kasha la mbao la kushindilia nyasi lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45 hutoa robota la takriban kilo 20. Nyasi zikiwa na unyevu wa asilimia 30, kilo 6 kati ya hizo ni maji, na ili robota lishuke hadi asilimia 15 inayotakiwa, lazima litoe karibu lita tatu na nusu za maji kupitia nyasi zilizoshindiliwa. Maji hayo hayana pa kutokea. Ukungu hustawi, joto hupanda, na ghala linaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Ng'ombe mwenye mimba akilishwa hei yenye ukungu anaweza kuharibu mimba.

Wapo walioniuliza kama marobota mabichi yanaweza kukaushwa kwa maikrowevu. Msijaribu. Maikrowevu huyapasha moto maji yaliyomo ndani ya nyasi zenyewe, lakini haipashi sawasawa, na katika nyasi zilizobanwa mvuke hukwama, hivyo upande mmoja hubaki mbichi wakati mwingine unaungua. Kwa mwenye umeme, chombo hicho kinafaa kwa kupima.

Chukua nyasi kutoka sehemu zisizopungua kumi za shamba, zikiwemo za chini ya tuta la nyasi zilizokatwa, kwa kuwa wengi huchota za juu zilizopigwa na jua kisha hujidanganya. Zikate vipande vya sentimita 2 hadi 3, changanya, kisha pima gramu 100 kamili kwa mizani ya jikoni bila kuhesabu uzito wa sahani. Konzi ya mkono si kipimo. Ziingize katika maikrowevu na weka pembeni yake glasi ya maji ili nyasi zisiungue. Pasha dakika 2, pima, kisha endelea kwa sekunde 30 na kupima kila mara, mpaka uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 85, unyevu ulikuwa asilimia 15, nawe unaweza kufunga. Zikibaki 78, rudi ukageuze nyasi. Sampuli ikiungua itupe na uanze upya, maana kilichoungua hutoa hesabu ya uongo.

Asiye na umeme atie vipande hivyo katika chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi kavu, afunike na kutikisa kwa dakika 2 hadi 3. Chumvi ikigandamana, nyasi bado ni mbichi.

Pimeni saa ile ile mnayotaka kufunga. Hewa ya pwani hurudisha unyevu usiku, na kipimo cha jana jioni hakina maana asubuhi umande ukiwa bado chini, subirini alasiri.

Hei iliyokauka vizuri hubaki na ukijani na harufu tamu.

Kwa waliokwisha kufunga, chomekeni nondo katikati ya robota kwa dakika 20. Ikitoka ya moto kiasi cha kutoshikika, msikate kamba ndani ya ghala, kwa sababu hewa ikiingia ghafla huchochea moto. Litoeni nje kwanza, mkiwa na maji karibu.