Kabla hujanunua nyumba, subiri masika
Kijana uliyechoka kupanga Dar, usilipie nyumba ya bondeni wakati wa kiangazi, kila kitu kinapokuwa kikavu na dalali anatabasamu. Nenda kati ya Machi na Mei, kesho yake baada ya mvua kubwa, tena peke yako. Tazama alama za maji ukutani, kisha muulize mama muuza vitumbua maji hufika wapi. Yeye hana kamisheni. Kama ina hati, chukua nakala ukafanye upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuhakiki mmiliki ni nani, uone na miaka iliyobaki, maana hati hutolewa ya miaka 33, 66 au 99. Piga na hesabu ya nauli ya mwezi kutoka huko hadi kazini. Yangu ilikaribia kodi ya chumba Sinza, nikaahirisha.